Bibi Mkanda na Safari Zisizo na Habari

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama una sufuria motoni, punguza moto kidogo. Kama watoto wanapiga kelele, waite nao waje wasikilize, maana ya leo yanawahusu. Leo tunamkumbuka Bibi Mkanda.

Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa bibi wa wajukuu wawili aliowalea kwa mikono yake. Na katika umri ambao wenzake walikuwa wanatafuta pa kupumzikia, akawa dereva. Gari lake lilikuwa la familia, la viti saba, la kijivu, lenye mlango wa ubavuni unaoteleza. Fundi cherehani, bibi, dereva. Shikeni hayo matatu, mengine yatakuja yenyewe.

Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na sita, kitandani, nyumbani kwa binti yake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilikwenda kwao. Vilio vilikuwepo, lakini vilichanganyika na vicheko, kwa sababu kila aliyefungua mdomo kumlilia alijikuta anasimulia kisa cha ndani ya lile gari.

Sasa, kwa nini fundi cherehani awe dereva uzeeni? Kwa sababu ya miguu ya mtoto.

Binti wa Bibi Mkanda anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Huingia kazini majogoo hayajawika. Alijaliwa mtoto mmoja wa kike, na mtoto huyo alizaliwa na miguu isiyonyooka. Akafungwa vyuma miguuni, akapewa kitembezi cha kushikilia. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia mama mtu bila kuzunguka: mtoto aje kwenye mazoezi kila wiki, mara mbili, asikose. Miguu ya mtoto, alisema, ni kama udongo mbichi. Ukikauka umepinda, umekauka.

Asikose. Hilo ndilo lililokuwa mezani, wasikilizaji. Mtoto akifika hospitali, huenda atatembea. Asipofika, hatatembea. Na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, basi lina ngazi ndefu, mama yuko mbele ya tanuri.

Gari lilikuwepo. Mtoto mkubwa wa Bibi, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa amelinunua kwa ajili ya familia. Lakini yeye haonekani nyumbani, na dereva mwingine hakuna. Gari likakaa uani, kuku wakajipatia kivuli.

Bibi akasema, “Nitaliendesha mimi.”

Mwanawe alicheka simuni mpaka akakohoa. Akamwambia, “Mama, gari si cherehani.”

Bibi akamjibu, “Yote yana pedali.”

Akaenda kujifunza. Mwalimu wake wa udereva bado yuko hai, nilimtafuta. Ananiambia somo la kwanza liliisha gurudumu halijazunguka hata mara moja. Bibi aligusa kila kitufe, kila swichi, na kwa kila kimoja aliuliza swali lile lile: hiki nikikibonyeza kwa bahati mbaya, kitatokea nini? Vioo vya madirisha. Gia. Breki ya mkono. Wenzo wa kulaza kiti. Mwalimu alipoanza kutazama saa, Bibi alimwonyesha kidole chake cha shahada, chenye alama ya sindano iliyopenya ukucha enzi za usichana wake. Akamwambia, “Mashine inayokuumiza ni ile uliyoizoea kabla hujaijua.”

Mwalimu anasema siku hizi anaanza somo hivyo hivyo na wanafunzi wake wote, na wote wanachoka, na yeye hajali.

Basi, akapata leseni. Sasa tuingie ndani ya gari.

Mjukuu mwenye vyuma miguuni alikaa safu ya katikati, kwenye kiti cha mtoto kilichonyanyuka kuliko vingine. Wenzake wakakiita kiti cha enzi, na yeye wakamwita Malkia. Jina limebaki. Kando yake, binamu yake, binti wa yule dereva wa lori, ambaye aliishi kwa Bibi. Huyu aliongea tangu anaamka mpaka analala, kwa hiyo yeye ni Kidomo. Malkia na Kidomo, hao ndio wajukuu wawili wa Bibi. Viti vilivyobaki vilijazwa na watoto wa jirani, mama zao, na mara nyingine wageni.

Bibi alikuwa na desturi yake. Ufunguo wa gari aliuvaa shingoni kwa utepe, na haukutoka shingoni mpaka wote wawe wamekaa. Akienda dukani dakika moja, ufunguo unaondoka naye, na watoto wote wanateremka naye, hata kama wamelala. Mtoto na ufunguo, alisema, havikai chumba kimoja. Kabla ya kuuvuta mlango, alitangaza, “Mikono mapajani!” na mlango haukusogea kama kuna kidole kinachochungulia. Kisha anakaa mbele, gari limezimwa, ananyamaza. Anasikiliza. Kuanzia viti vya nyuma kuja mbele, kila mmoja anafunga mkanda wake, na kila mkanda ukiingia kwenye kifungio chake unatoa mlio: kla. Kla. Kla. Milio isipotimia idadi ya waliomo, ufunguo unabaki shingoni.

Na mkanda ulikuwa na mkao wake. Fundi ni fundi. Usijikunje, kwa sababu kitambaa kilichojikunja kinakata. Upite kwenye mifupa ya nyonga, usipite tumboni. Ukae begani, usikae shingoni. Watoto walipolalamika kwamba wamekuwa wakubwa, hawataki tena kiti cha kunyanyua, hakubishana nao. Aliwapima kama anavyopima sare za shule. Wakae mgongo ufike mwisho wa kiti, magoti yapinde ukingoni, mkanda ulale begani wenyewe. Ukitoshea, umefaulu. Usipotoshea, “Mwanangu, hii nguo bado kubwa, rudi mwakani.” Watoto wa jirani wanakumbuka siku waliyofaulu kuliko siku ya kumaliza shule.

Wakubwa je? Wakubwa ndio waliomsumbua. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipanda siku moja akiwa amevaa gauni la harusini, jipya, limenyooshwa kama karatasi. Akakataa mkanda. Akasema yeye si mtoto wa chekechea, na mkanda utalikunja gauni. Bibi hakugombana naye. Alitoa sindano na uzi kwenye mkoba, akaanza kushona kifungo cha shati la mtu. Gari liko kimya. Watoto kimya. Kifungo cha kwanza kikaisha, akaingia cha pili. Wifi akauliza, hivi tunangoja nini?

Bibi akamwambia bila kuinua macho, “Wifi, hilo gauni nimelishona mimi. Likikunjwa nitalipiga pasi. Wewe ukikunjwa, siwezi kukupiga pasi.”

Kla.

Wifi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, wasikilizaji, na alikuwa anafuta machozi kwa kucheka, halafu akawa anafuta machozi ya kweli.

Lakini kumbukumbu ya kweli haifichi kosa. Bibi Mkanda alikosea, na kosa lenyewe lilitoka ndani ya ile desturi yake. Alikuwa anasikiliza. Hakuwa anatazama.

Kidomo aligundua hilo. Akiwa na miaka saba tu. Aliufunga mkanda kwenye kifungio kwanza, kisha akaukalia. Mlio ulisikika. Idadi ikatimia. Ufunguo ukatoka shingoni, gari likaondoka, na Kidomo amekaa huru kama mgeni sebuleni. Alifanya hivyo siku kadhaa, na kila siku alijiona mjanja zaidi. Mpaka siku mwendesha baiskeli alipokatiza mbele yao ghafla. Bibi alikanyaga breki vizuri kabisa, mwenye baiskeli akapita salama. Lakini Kidomo aliruka kutoka kitini, mdomo wake ukagonga nyuma ya kiti cha mbele, ukapasuka. Damu.

Leo Kidomo ni mama wa mtoto mchanga. Alinionyesha kwa kidole chini ya mdomo wake. “Kovu hili hapa,” akasema. “Bibi alilishika kila siku ya maisha yake akinisalimia. Analigusa tu, halafu ananiuliza kama nimekula.”

Bibi hakungoja mtu aulize. Alimpeleka mtoto akashonwe, kisha akampigia mwanawe simu, akamweleza mwenyewe yote. Dereva wa lori akageuza safari. Alifika nyumbani amekunja uso, akamwona binti yake na mdomo umevimba kama andazi, na wote wakakaa katika chumba cha kushonea: Bibi na watoto wake wawili. Mwanawe akasema maneno machache. Mtoto wake ametoka damu ndani ya gari alilolinunua yeye. Mama ameshazeeka. Alete ufunguo.

Bibi aliuvua utepe shingoni, akauweka ufunguo juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya chaki na mkasi.

“Nilisikiliza, sikutazama,” akasema. “Kosa ni langu, si la mtoto. Lakini kesho Malkia anatakiwa hospitali. Nani atampeleka?”

Binti yake, mama Malkia, aliniambia kwamba aliutazama ule ufunguo pale mezani na hakuona ufunguo. Aliona miguu ya mtoto wake. Lakini hakuthubutu kuuchukua. Kaka yake ndiye mkubwa, kaka yake ndiye mwenye gari, na kaka yake alikuwa na haki ya kukasirika. Huku mtaalamu ameshasema: asikose.

Kaka mtu akajibu kwamba atampeleka yeye. Akasema lori lenye trela analipitisha milimani wakati wa mvua, hiki kibakuli cha kijivu kitamshinda nini?

Asubuhi wakaondoka. Kidomo naye aling’ang’ania kwenda na baba yake, mdomo na uvimbe wake. Bibi alikaa safu ya mwisho kabisa, kinywa kimefungwa kama mfuko ulioshonwa. Hakusema mikono mapajani. Hakusikiliza mikanda. Wakati ule dereva alikuwa mwanawe.

Na mwanawe, wasikilizaji, ni dereva mzuri. Niseme hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alinisimulia haya na hakuficha chochote. Ni dereva mzuri anayejua barabara iliyo mbele yake. Ila mlango wa ubavuni wa gari lile una kikomeo kidogo ukingoni, ukikishusha mlango haufunguki kutoka ndani. Bibi alikikagua kila asubuhi. Aliyeosha gari usiku uliopita alikuwa amekipandisha. Mwanawe hakujua hata kama kipo.

Walipokaribia mzunguko wa barabara, gari likapunguza mwendo. Kidomo akamwona rafiki yake wa shule anatembea pembeni. Akataka kumsalimia. Akanyoosha mkono mbele ya Malkia, akavuta kitasa.

Mlango ukateleza wote, ukaachama. Lami inapita chini. Upepo ukaingia. Na kiti cha enzi kilikuwa upande ule ule, Malkia amekaa hatua moja kutoka barabarani, vyuma vyake miguuni, kitembezi chake kimeanza kusogea kuelekea nje.

Malkia hakuanguka. Mkanda ulimshika. Kidomo naye, safari hii, alikuwa ameufunga kikweli kweli, mdomo wake ulikuwa umeshamfundisha. Dereva wa lori alisimamisha gari pembeni. Magari ya nyuma yakapiga honi. Akatafuta taa za hatari, akabonyeza hapa, zikaanza kucheza wipa za kioo cha mbele. Akabonyeza pale, redio ikawaka. Ndipo sauti ikatoka safu ya mwisho, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake uzi ulipoangukia.

“Kitufe chekundu, baba. Katikati.”

Akakibonyeza. Taa zikawaka. Akaegemeza kichwa kwenye usukani. Halafu akazima injini, akauchomoa ufunguo, akaupitisha nyuma juu ya viti mpaka kwenye mkono wa mama yake.

“Mama,” akasema, “mimi nimezoea mzigo usiofungua mlango.”

Walibadilishana viti pale pale pembeni ya barabara. Bibi alishusha kikomeo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Hakukaa mbele akasikiliza. Alipita kwa kila mmoja, akaingiza kiganja chini ya kila mkanda, akaupapasa kuanzia begani mpaka nyonga, kama anavyokagua bitana ya koti kabla mteja hajalichukua. Wa Malkia alikuta umejikunja. Akaunyoosha. Akafika kwa mwanawe, mwanamume wa makamo mwenye ndevu, akampapasa naye. Hakubisha.

Walifika hospitali. Mazoezi yalikuwa hayajaanza.

Tangu siku ile desturi ilibadilika. Mlio uliendelea, lakini baada ya mlio Bibi aliita, “Vuta jirani!” na kila mtoto aliuvuta mkanda wa aliye kando yake ahakikishe uko mwilini. Ukawa mchezo. Kidomo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, alivuta kama anang’oa muhogo. Na kitembezi cha Malkia nacho kikapewa kiti na mkanda wake, kikahesabiwa abiria.

Sasa najua baadhi yenu mnangoja niwaambie kwamba siku moja gari lile liligongwa, likapinduka, na mikanda ikawaokoa wote. Mtangoja sana. Halikugongwa. Halikupinduka. Nimeuliza kila mtu. Miaka yote ile, mvua na jua, kwenda na kurudi, hakuna kilichotokea. Mwanawe aliniambia, kwa sauti ya mtu anayejivuna na hataki kuonekana anajivuna, kwamba kwenye kazi yao ya barabara safari nzuri ni ile isiyo na habari. Mama yake, akasema, alikuwa na safari nyingi zisizo na habari kuliko dereva yeyote anayemjua. Na yeye siku hizi hufunga mkanda lorini. Wenzake walimcheka mwanzoni. Akawaambia waende wakamcheke mama yake ana kwa ana. Hakuna aliyekwenda.

Hakuna kilichotokea, ila kimoja. Malkia hakukosa mazoezi. Wiki baada ya wiki. Hakukosa. Vyuma vikapunguzwa, vikawa vya usiku tu, kisha vikarudishwa hospitali apewe mtoto mwingine. Kitembezi kikapoteza kiti chake garini. Mama Malkia anakumbuka alikuwa kazini, unga mpaka kwenye nyusi, akasikia vicheko mlangoni mwa kiwanda. Akatoka nje. Gari la kijivu limesimama upande wa pili wa uwanja, mlango wazi, Bibi amesimama kando mikono nyuma kama askari. Na mtoto wake anavuka uwanja kwa miguu yake, anapepesuka kidogo, anamwambia mama yake asimfuate, amngoje pale pale alipo.

“Nilimngoja,” mama Malkia akaniambia. “Sijawahi kungoja kitu kizuri namna ile.”

Bibi Mkanda aliendesha mpaka macho yake yalipoanza kumwambia ukweli. Hakungoja mtu amnyang’anye. Jioni moja aliingia ndani, akamwambia binti yake kwamba taa za magari ya mbele zimeanza kuota manyoya, na mtu anayeona manyoya kwenye taa hastahili kubeba mtoto wa mtu. Akampa ufunguo, maana binti naye alikuwa ameshajifunza kuendesha. Kuanzia hapo alipanda kama abiria, na akawa abiria msumbufu kweli kweli.

Nilihudhuria mazishi yake. Watu walikuwa wengi, wengi wao vijana waliokua ndani ya viti vile saba. Jua lilikuwa kali na shughuli ilikuwa ndefu. Malkia sasa ni msichana mkubwa, anasomea kazi ile ile ya mtaalamu aliyemnyoosha miguu. Anachechemea kidogo akichoka. Wazee walimletea kiti, wakamsihi akae, miguu yake wanaijua. Akakikataa. Wakamletea tena. Akakikataa. Alisimama mwanzo mpaka mwisho, mpaka koleo la mwisho la udongo.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakukaa. Akatabasamu.

“Nilikaa miaka mingi ili nisimame,” akasema. “Leo ndiyo siku ya kumwonyesha.”

Kwa mama Malkia, kwa kaka yake huko barabarani, kwa Malkia, kwa Kidomo na mwanawe mchanga, kwa wifi, na kwa watoto wote wa jirani ambao leo ni baba na mama za watu: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mmepoteza mtu ambaye kazi yake haikuonekana, kwa sababu aliifanya vizuri. Mwenyezi Mungu ampokee kwa upole, na awape ninyi nguvu ya kuendelea.

Na kwako unayenisikiliza. Tunapenda kusimulia habari za waliotutoa kwenye hatari. Wale waliohakikisha hatari haikutufikia, tunawaona wasumbufu. Tafakari jioni hii. Ni nani alikufikisha salama mahali, mara nyingi, kwa utaratibu uliokuudhi? Kama yuko hai, mpigie simu, umwambie umefika.

Asipopokea, usimrudierudie. Huenda yuko kwenye usukani. Mwache afike kwanza.